Machipuko Huanzia Topeni: Shajara ya Bamvua Nane, Mida

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa Kenya, katika zoezi linalofanywa kwa pamoja na nchi nyingi za Afrika. Hesabu hiyo ina thamani yake, lakini huwakuta ndege wahamiaji wa matopeni wakiwa wa kijivu wote, wametulia. Jambo kubwa hutokea baadaye. Kati ya Februari na Mei ndege walewale huvaa wekundu wa tofali na weusi wa makaa, hunenepa mpaka tumbo likaning'inia, kisha jioni moja huinuka na kushika njia ya kaskazini. Huko Siberia, wanakozaliana wengi wao, theluji huyeyuka na machipuko huanza Juni. Hapa Mida, ikifika Machi, machipuko hayo yameshaanza kuonekana juu ya manyoya, na aliyeyaona mara moja hurudi bamvua inayofuata, yaani maji makubwa yajayo. Mradi huu ni wa kuyaandika: unyoya umegeuka lini, kwa ndege gani, na nani ameondoka na maji yapi.

Mahali, saa na vifaa

Mida ni mkono wa bahari wa takriban kilomita za mraba 32, kati ya Watamu na Gede, kaunti ya Kilifi, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotengwa mwaka 1968. Mlango wake wa baharini ni mwembamba, na ndani kuna tope pana lililozungukwa na mikoko. Maji yakitoka yote, ndege hutawanyika mbali na hata darubini nzuri haikuonyeshi zaidi ya nukta. Maji yakijaa yote, tope limezama na ndege wamehamia mahali pao pa kusubiri. Kwa hiyo kazi hufanyika katikati: tunaanza masaa matatu kabla ya maji kujaa, tunamaliza nusu saa kabla hayajafika kikomo. Muda huo maji yenyewe ndiyo yanayowasogeza ndege kuja kwetu, hatua kwa hatua, bila mtu kuwafuata.

Shajara inafuata bamvua, haifuati tarehe. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, na katika pwani yetu maji hayo hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Maji mafu hujaa karibu saa nne, jua likiwa kali, na hayapandi vya kutosha kuwasogeza ndege. Tuliyajaribu mara mbili tukayaacha. Bamvua ya alasiri ina faida nyingine. Ukisimama upande wa magharibi wa Mida, jua liko mgongoni mwako na linaangaza kifua cha ndege. Asubuhi jua liko machoni na kila tumbo huonekana jeusi.

Vifaa ni vichache: darubini ya miguu mitatu inayokuza mara 20 hadi 60, darubini za mkono za 8x42, vihesabio vya kubonyeza kwa kidole, dira, daftari na penseli. Wino wa kalamu hutiririka ukurasa ukilowa, penseli haitoki. Cha mwisho ni bomba la PVC la mita 2, limepakwa mstari kila sentimita 10, la kupima maji. Tusikate mti wa mkoko kwa ajili ya fimbo. Hapa ni hifadhi, na bomba linatosha.

Majina. Ndege hawa wengi hawana jina moja linalojulikana pwani nzima, kwa hiyo tumekubaliana majina ya kazini. *Kitwitwi-upinde* ni Calidris ferruginea, mwenye mdomo mweusi uliopinda chini na kiuno cheupe akiruka. *Kwapa-jeusi* ni Pluvialis squatarola. Akiinua bawa utaona doa jeusi kwapani na hutakosea tena. *Mdomo-juu* ni Xenus cinereus, mdomo umepinda kuelekea juu, miguu ya manjano ya kuiva. *Mla-kaa* ni Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo. *Sululu* ni Numenius phaeopus, na jina hilo ni la Kiswahili tangu zamani. Vitwitwi wa mchanga tunawaandika wakubwa (leschenaultii) na wadogo (atrifrons), na asiyetofautishika anaandikwa "wa mchanga" tu. Kukisia kunaharibu daftari kuliko nafasi tupu.

Alama za rangi ni tano. 0: kijivu kitupu juu, nyeupe chini. 1: rangi ya uzazi imeingia hadi robo ya manyoya unayoyaona. 2: hadi nusu. 3: hadi robo tatu. 4: zaidi ya hapo au kamili. Ndege aliyekupa mgongo haandikwi mpaka ageuke.

Bamvua ya kwanza, mwanzo wa Februari

Kaskazi linavuma, kavu, anga safi. Kazi ya leo ni kuweka msingi.

Bomba limesimikwa kwenye ukingo wa mkondo, sentimita 50 ndani ya tope. Tumegundua mapema kwamba saa za jedwali la maji, ambazo hutolewa kwa bandari ya Kilindini, Mombasa, hazilingani na saa za hapa: maji hupita mlango mwembamba na kuchelewa kufika ndani. Ukifuata jedwali bila kulisahihisha utafika mapema, utachoka kusubiri, na utahesabu ndege wakiwa bado mbali. Tumeandika usomaji wa bomba kila dakika 15 hadi maji yaliposimama, na tofauti hiyo ndiyo tutakayoiongeza kwenye jedwali. Itarudiwa kila bamvua, kwa sababu upepo wa nguvu nao huchelewesha au kuharakisha maji.

Tatizo la pili: miguu ya darubini inazama. Mguu mmoja ukishuka sentimita mbili, kundi zima linatoka kwenye kioo na hesabu inaanza upya. Dawa ni vifuniko vya makopo ya rangi ya lita 4, kimoja chini ya kila mguu, upande wenye ukingo ukitazama juu ili mguu usiteleze. Kwenye daraja la mbao na kamba tatizo ni tofauti: kila anayetembea anatikisa picha. Huko tunahesabu kwa darubini za mkono tu.

Vitwitwi-upinde karibu wote ni alama 0. Kwapa-jeusi ni 0. Vitwitwi wa mchanga ndio waliotangulia: madume kadhaa wana kivuli cha machungwa kifuani, kama mtu aliyemwagikiwa na chai. Wameandikwa 1.

Bamvua ya pili, katikati ya Februari

Leo tumekamata kosa letu wenyewe, na linafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu kila anayeanza kazi hii atalifanya.

Watu wawili wamesoma kundi moja la vitwitwi wa mchanga, dakika zilezile. Mmoja ameandika wengi alama 2 na 3, mwingine wengi 0 na 1. Macho yote mazuri, darubini sawa. Sababu ni kwamba wa kwanza alikuwa anaruhusu jicho lichague. Ndege mwenye rangi huvuta jicho, wa kijivu hupotea kwenye tope, na baada ya dakika 10 sampuli imejaa waliopendeza. Tangu leo kanuni ni hii: anza ukingo wa kushoto wa kundi, nenda kulia, andika kila ndege wa tano, yeyote awe, hadi 50. Wa tano akiwa amegeuka mgongo, msubiri; asipogeuka kwa dakika moja, mruke na uandike "mgongo". Idadi ya "mgongo" nayo inabaki daftarini. Mmoja anatazama na kusema, mwingine anaandika. Anayetazama asitoe jicho kwenye kioo.

Makundi makubwa yanahesabiwa kwa vipande. Hesabu ndege 10 mmoja mmoja, angalia wanachukua upana gani wa kioo, kisha pima kundi lote kwa upana huo. Vipande 14 ni 140. Ndege hujibana zaidi upande wa maji, kwa hiyo kipande cha pale kipimwe upya, la sivyo utapunguza hesabu. Kundi likiruka na kutua, anza mwanzo. Kuendelea kutoka ulipoachia ni kuhesabu wengine mara mbili.

Kuhusu kwa nini wa mchanga wametangulia: hawaendi Aktiki. Wakubwa huzaliana majangwani kuanzia Uturuki hadi Mongolia, wadogo wetu kwenye nyanda za juu za Tibet na Pamir. Jangwani joto huja mapema, na baadhi ya wakubwa huanza kuondoka kabla ya Machi kwisha. Dume aliyekamilika ana barakoa nyeusi machoni na mkanda wa machungwa kifuani. Wawili wa namna hiyo leo, wamesimama mita 60 mbele yetu kwenye kichuguu cha mchanga kilichochimbuliwa na kaa, na kila mmoja wa timu ametazama zamu yake bila kusema neno. Ndiyo furaha ya kazi hii, na tunaiandika kama tunavyoandika upepo.

Bamvua ya tatu, mwanzo wa Machi

Kitwitwi-upinde ameanza.

Kwa mbali haonekani amebadilika. Kwa mara 40, ndege akiwa amesimama ubavu, unaona unyoya mmoja mmoja mgongoni: katikati mweusi, kingo za kutu. Tumboni kuna madoa mekundu yaliyotawanyika, na juu yake kama vumbi la unga. Vumbi hilo ndilo lililotuchanganya. Si unyoya wa zamani. Ni ncha nyeupe za unyoya mpya: unyoya mwekundu huota ukiwa na pindo jeupe, na pindo hilo ni laini, huchakaa na kukatika wiki kwa wiki, na wekundu kamili hutokea chini yake bila unyoya mwingine kuota. Maana yake ndege anaweza kutoka alama 2 hadi 3 kwa kuchakaa tu. Tunaongeza herufi: "u" kwa mwenye unga, bila herufi kwa aliyesafika. 2u na 2 ni hatua mbili tofauti za safari moja.

Majike hubaki hafifu, na weupe mwingi zaidi tumboni hata wakikamilika. Kwa hiyo isitarajiwe kundi zima kufika 4. Kundi lililo tayari lina 3 nyingi pia.

Mambo matatu yanayodanganya, yote tumeyaona leo. Ndege aliyetoka kuoga huonekana na rangi kali kuliko haki yake, mpe dakika akauke. Kifua kilichopakaa tope huonekana cha kahawia. Rangi ya tope huishia kwenye mstari wa maji, rangi ya unyoya haina mstari. Picha ya simu kupitia darubini huongeza wekundu jioni. Picha ni ya kuhifadhi, alama inatolewa kwa jicho.

Joto. Kabla ya saa tisa alasiri hewa juu ya tope inacheza, na kukuza zaidi ya mara 30 ni kukuza mtetemo. Tumeshusha hadi 25, tukasubiri. Saa tisa na nusu ndege wamekuja wenyewe karibu.

Bamvua ya nne, baada ya katikati ya Machi

Tanga mbili. Kaskazi limekatika, kusi halijashika, bahari kioo. Usiku mvua ya kwanza.

Wa mchanga wakubwa wamepungua waziwazi, na waliobaki wengi ni 0 na 1. Hapa mtu angeandika kwamba rangi imerudi nyuma. Haijarudi. Waliovaa wameondoka na wastani umeshuka kwa sababu yao. Ndiyo maana wastani peke yake hauandikwi popote katika shajara hii. Inaandikwa idadi ya kila alama, pamoja na idadi ya kundi.

Vitwitwi-upinde: 2u na 3u ndizo nyingi, 0 bado zipo.

Mdomo-juu wana dalili ndogo ambayo wengi huipita: mistari miwili myeusi mabegani, kama kamba za mkoba. Alama 0 hadi 4 haiwafai. Tunaandika "mstari upo" au "haupo", basi. Sululu na mla-kaa hawabadili rangi kabisa, kwao kinachosomwa ni idadi tu. Sululu na mdomo-juu maji yakijaa hupanda juu ya mikoko, kwa hiyo anayehesabu topeni peke yake atawakosa. Mtu mmoja anapewa mikoko kuanzia dakika 40 za mwisho.

Matunzo ya vifaa sasa ni ya kila siku. Chumvi ikikauka juu ya kioo na ukaifuta kwa kitambaa kikavu, umekwaruza kioo. Puliza mchanga kwanza, mwagia kidogo maji yasiyo na chumvi, ndipo ufute. Msimu wa mvua darubini isifungiwe kwenye mfuko ikiwa na unyevu: ukungu huota ndani ya lenzi na hautoki kwa kufuta. Usiku inakaa wazi chumba kikavu, na ndani ya kasha lake kuna mchele uliokaushwa juani, unaobadilishwa kila wiki.

Bamvua ya tano, mwanzo wa Aprili

Kusi limeingia, na mvua ya masika nayo. Kipindi cha kuhesabu kimekatizwa mara mbili. Vipande vilivyokatizwa vimefutwa, havikuunganishwa.

Tangu leo tunaandika tumbo pamoja na rangi. Ndege akisimama ubavu, angalia mstari kutoka miguuni hadi mkiani. A: mstari umeingia ndani. B: umenyooka. C: umevimba kidogo. D: umevimba, na nyuma ya miguu kuna mfuko unaoonekana. Kitwitwi-upinde wa Januari ana gramu 55 hivi. Kabla ya kuondoka hufika 80 na zaidi, na ziada hiyo karibu yote ni mafuta ya safari. Anayapata kwa minyoo, kaa wadogo na konokono, mchana na usiku, kila tope linapofunuka. Ndiyo maana kumrusha ndege Aprili ni kumnyang'anya. Kanuni yetu ya umbali ni ya ndege, si ya mita: akiacha kula na kuinua kichwa, simama, akianza kutembea kwenda mbali, rudi nyuma. Wachimba chambo na wavuvi wanaopita kila siku kwa mwendo uleule hawawashtui. Mgeni anayesimama ghafla akanyoosha kidole huwarusha wote.

Kwapa-jeusi sasa ni kivutio. Uso, koo na tumbo vinajaa weusi kwa viraka, kama ukuta unaopakwa lami kwa brashi ndogo, na kati ya viraka weupe bado. Alama 1 hadi 3, wachache 4. Mlio wake wa filimbi tatu zenye huzuni unasikika mara nyingi kuliko mwezi uliopita.

Mla-kaa wameanza kupungua. Hawa hawaendi mbali kama wengine: huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuzunguka Bara Arabu, Ghuba na Bahari ya Shamu, na wengine pwani ya Somalia. Jike hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo refu lililochimbwa mchangani, na joto la mchanga husaidia kulilalia. Ni upepo uleule wa majahazi: yaliteremka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakarejea na kusi kuanzia Aprili. Kusi linamsukuma ndege mgongoni vilevile.

Swali linaloulizwa na kila mgeni: wanajuaje? Mida iko chini kidogo ya ikweta, nyuzi 3 na ushei, na urefu wa mchana hautofautiani hata nusu saa mwaka mzima. Hakuna baridi inayokatika, hakuna majani yanayochipua ghafla. Mtafiti wa Ujerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wadogo wahamiaji katika vyumba vyenye mwanga na giza vya kipimo kimoja, mwaka baada ya mwaka, na bado walibadili manyoya na kuhangaika kwa ajili ya safari kwa zamu zao, ingawa mzunguko wao haukuwa wa miezi 12 kamili. Kuna saa ya mwaka ndani ya mwili. Ukimtazama ndege wa tope la Mida akiwa mwekundu kwa ajili ya nchi ambayo muda huu bado iko chini ya theluji, unaitazama saa hiyo ikigonga.

Bamvua ya sita, baada ya katikati ya Aprili

Kilele. Siku tatu mfululizo, zamu mbili kwa siku.

Vitwitwi-upinde: 4 na 3 ndizo nyingi, unga karibu umekwisha, matumbo C na D. Kundi limejipanga kwenye ukingo wa maji, jua la saa kumi na moja limewapiga ubavuni, na tope la kijivu lina utepe mwekundu wa mita 30. Kila wimbi dogo likifika miguuni, utepe wote unasogea hatua moja.

Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza tunaacha alama na kuandika kuondoka. Dalili huanza topeni: wachache wanaacha kula, wanaoga, wanajipangusa manyoya haraka, wanaita bila kukoma, na wale wasioondoka wanaendelea kula kando yao bila kujali. Kisha kikundi kinainuka. Angalia mambo haya kwa mpangilio, kwa sababu una dakika tatu au nne tu: idadi (hesabu wanapokuwa kwenye mstari, si wanapozunguka), saa, usomaji wa bomba, upepo, na mwisho kabisa mwelekeo kwa dira wakati wanapopotea machoni. Mwelekeo wa mwanzo hauna maana, wote huzunguka kwanza.

Kikundi cha leo kilizunguka mara tatu juu ya mikoko, kila mzunguko juu zaidi. Sauti zilikuwa zinashuka kama mvua nyembamba. Katika mzunguko wa tatu fungu likavunjika kuwa mstari, mstari ukapinda kuwa pembe, na watano wakatoka nyuma, wakafunga mabawa, wakarudi topeni na kuanza kula palepale walipoachia. Waliobaki wakaenda kaskazini kidogo mashariki. Wale watano waandikwe "walirudi", wasitolewe tu kwenye hesabu; wanaorudi ni wengi siku za upepo kinyume na wachache siku za kusi thabiti, na hiyo ni habari.

Wakifika mwisho wa njia wako Taimyr na kandokando ya Aktiki ya Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa, kwa kupumzika mahali katikati. Kama watalea au la hutegemea pia panya wa kaskazini waitwao lemingi: mwaka lemingi wakiwa wengi, mbweha hula hao na kuacha makinda, wakipungua, mbweha hugeukia viota. Mwaka 2024 orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini iliwapandisha kitwitwi-upinde na kwapa-jeusi wote wawili hadi kundi la walio katika hatari (Vulnerable). Tope hili ni ghala lao la chakula, na ghala linapimwa kwa wanaotoka wakiwa wameshiba.

Pete. Ndege wawili wenye pete ya chuma, hakuna namba iliyosomeka. Kumbusho kwa timu: kushoto na kulia ni kwa ndege mwenyewe, si kwa mtazamaji, na andika kama pete iko juu au chini ya kiungo kinachoonekana kama goti. Pete iliyoandikwa upande usio wake ni ya ndege mwingine.

Bamvua ya saba, mwanzo wa Mei

Mvua kubwa, zamu moja tu imekamilika. Kwapa-jeusi waliokomaa wamekwenda. Vitwitwi-upinde wekundu ni kikundi kidogo, wote D, wenye haraka. Sululu bado wapo wachache mikokoni, filimbi zao saba zikisikika kabla hawajaonekana. Mbayuwayu wa mwisho wanapita chini juu ya mikoko kuelekea kaskazini, hawaandikwi kwenye majedwali yetu ila pembeni ya ukurasa.

Bomba limeegemea kwa mkondo. Limesimikwa upya, sasa sentimita 80, na usomaji wa zamu hii umefutwa.

Bamvua ya nane, katikati ya Mei

Tope limekuwa kubwa. Kundi lililobaki ni la kijivu, 0 karibu wote, matumbo A na B. Hawa si wagonjwa wala waliochelewa. Ni waliozaliwa mwaka uliopita: wengi wao hawasafiri kaskazini mwaka wao wa kwanza, hukaa hapa hadi wenzao warudi. Dalili ni manyoya ya bawa, yaliyofifia kuwa kahawia na kuchakaa kwenye ncha. Mla-kaa vijana nao wamo, mgongo wa kijivu badala ya mweusi uliokolea.

Anayeanza kuhesabu Mei bila kujua haya ataandika kwamba machipuko hayakuja. Na anayehesabu kwa makini ataona kitu kingine: wingi wa vijana hawa Mei hadi Julai unaonyesha malezi ya kaskazini yalikwendaje mwaka uliotangulia. Kwa hiyo zamu mbili fupi zimeongezwa, Juni na Julai, kwa vijana peke yao.

Vihesabio vimepakwa mafuta. Madaftari yamenakiliwa nakala mbili, zinakaa nyumba mbili tofauti. Bomba linabaki pale lilipo. Zamu inayofuata ya alama za rangi ni bamvua ya mwisho wa Julai, wanapoanza kurudi waliokomaa wa kwanza: wembamba, tumbo A, na wekundu uliochakaa ukiwa bado umewashika kifuani kwa viraka. Jedwali lao limeshachorwa, likisomwa kinyume, kutoka 4 kurudi 0.